Kila Sehemu Ina Mahali Pake: Kumfundisha Mtoto Kulinganisha Sehemu kwa Kamba na Mstari wa Nambari

Muulize mtoto wa Gredi ya 4: kati ya 1/4 na 1/8, ipi kubwa? Usishangae akikujibu 1/8 bila kusita. Nane inazidi nne. Hilo amelijua tangu chekechea, na hakuna siku aliyokosolewa kwa kulisema. Leo amewekewa nambari mbili, moja juu na moja chini, kistari katikati, na kanuni aliyoiamini miaka yote inamwangusha. Asipopata wa kumwelekeza hapo, atakimbilia njia ya mkato: atakariri kuzidisha kimshazari, atapata tiki kwenye daftari, na likizo ikiisha atakuwa amesahau ipi huzidishwa na ipi.

Mwongozo huu ni wa mzazi, mlezi na mwalimu wa shule ya msingi mjini Kisumu na kwenye ufuo mzima wa ziwa, kuanzia Port Victoria na Usenge hadi Homa Bay, Mbita na Muhuru Bay. Unaeleza namna ya kulinganisha sehemu kwa kamba, kisha kwa mstari uliochorwa kwenye daftari. Vifaa vinapatikana nyumbani, na vichache vilivyobaki utavikuta soko la Kibuye au duka lolote la mtaani.

Jambo la kushika tangu mwanzo hadi mwisho ni hili: sehemu ni nambari moja, na kila nambari ina mahali pamoja tu kwenye mstari. Mtoto akijua mahali pa 3/4 na mahali pa 2/3, swali la ipi kubwa limekwisha kujibika.

Kwa nini mstari, na si chapati peke yake

Wengi wetu tulifundishwa sehemu kwa chapati au chungwa lililokatwa. Njia hiyo inafaa kuanzia, hasa kwa nusu na robo, lakini inaishiwa nguvu mapema. Jaribu kukata chapati vipande vitano vilivyo sawa, au kuonyesha kwa macho kwamba 7/8 ya chapati inazidi 5/6. Tena chapati humfanya mtoto aamini kwamba sehemu ni kipande cha chakula, wala si nambari kama 2 na 7. Akifika kwenye 5/4 anauliza, na ana haki ya kuuliza, vipande vitano vitatokaje kwenye chapati yenye vinne.

Mstari hauna taabu hizo. Unaanza kwenye 0, unapita 1, unaendelea hadi 2 na kuzidi. Sehemu zinakaa humo pamoja na nambari nzima alizozizoea, na kanuni ni ileile: kilicho kulia zaidi ni kikubwa zaidi.

Kazi hii ina faida ya baadaye pia. Mwaka 2012 Robert Siegler na wenzake walichapisha utafiti uliochunguza kumbukumbu za watoto wa Uingereza na Marekani. Waliona kwamba ujuzi wa sehemu na wa kugawanya alionao mtoto wa miaka 10 hivi unaashiria atakavyofanya katika aljebra na hesabu kwa jumla akiwa sekondari, hata baada ya kuzingatia akili yake na hali ya nyumbani kwao. Katika mtaala wetu wa umilisi, mtoto hufanya tathmini ya KPSEA mwishoni mwa Gredi ya 6, na mbele yake kuna uwiano, asilimia na aljebra. Asiyezielewa sehemu huingia huko akiwa amefungwa miguu.

Maneno ya kutumia

Nambari ya chini, yaani asili, inasema kitu kizima kimegawanywa mara ngapi kwa usawa. Nambari ya juu, yaani kiasi, inasema tumechukua hatua ngapi kati ya hizo. Katika somo la Kiswahili mtoto hufundishwa majina ya akisami: nusu, thuluthi, robo, khumusi, sudusi, thumuni, ushuri. Yatumie pia kwenye hesabu. Soma 3/4 kama “robo tatu”, usome “tatu juu ya nne” pale tu unapomfundisha kuandika. Anayesikia “robo tatu” husikia nambari moja, na ndivyo tunavyotaka.

Kuanzia Gredi ya 4 hesabu hufundishwa kwa Kiingereza. Nyumbani usijifunge na hilo. Tumia lugha ambayo mtoto anaifikiria, iwe Dholuo, Kiswahili au zote mbili, kisha umalizie kwa maneno atakayoyakuta kwenye kitabu.

Vifaa

Tafuta kamba mbili au tatu zenye urefu ule ule, vibanio vya nguo au vipande vya uzi wa rangi, karatasi ndogo za kuandikia, na tepu ya fundi wa nguo. Kamba ya katani au ukanda wa kitambaa ndio bora. Uzi wa nailoni wa kushonea nyavu unapatikana kirahisi ufuoni, lakini huvutika, na alama zako zitahama. Usipige mafundo kwenye kamba yenyewe, maana fundo hula urefu wake. Funga uzi juu yake. Kwa mtoto asiyeona vizuri, nyuzi hizo ni msaada mkubwa kwa sababu atazisoma kwa vidole.

Kata kila kamba sentimita 120. Urefu huo una sababu: 120 hugawanyika kwa nambari nyingi bila kubaki kitu, kwa hiyo utaweza kukagua kazi ya mtoto kwa tepu bila kusumbuka na desimali. Hatua moja ni:

- nusu: sentimita 60
- thuluthi: sentimita 40
- robo: sentimita 30
- khumusi: sentimita 24
- sudusi: sentimita 20
- thumuni: sentimita 15
- ushuri: sentimita 12
- moja ya kumi na mbili: sentimita 10

Orodha hii ni yako wewe mfundishaji. Mtoto asipewe mwanzoni, maana ataanza kulinganisha sentimita kabla hajaelewa sehemu.

Somo la kwanza: kukunja na kuweka alama

1. Tandaza kamba mbili sambamba, ncha za kushoto zikiwa kwenye mstari mmoja. Bandika 0 kwenye ncha za kushoto na 1 kwenye ncha za kulia. Mweleze mtoto kwamba kamba yote, kutoka 0 hadi 1, ndiyo kitu kizima.

2. Mwambie aikunje kamba ya juu mara moja, ncha kwa ncha, na kubana kibanio pale ilipokunjika. Ikunjuliwe. Hapo ni 1/2. Muulize: kutoka 0 hadi hapa ni hatua ngapi? Na kutoka hapa hadi 1?

3. Aikunje tena mara mbili mfululizo na kuweka alama kwenye mikunjo yote. Sasa kuna hatua nne. Ataje kila alama huku akisogeza kidole: robo moja, robo mbili, robo tatu, robo nne. Mwache agundue mwenyewe kwamba robo mbili imeangukia pale pale penye nusu, na robo nne ni 1.

4. Kamba ya chini aikunje mara tatu mfululizo ili apate hatua nane. Ahesabu thumuni kutoka 0 hadi 1.

5. Sasa rudia swali la mwanzo: kati ya 1/4 na 1/8, ipi kubwa?

Mazungumzo yenyewe yanaweza kwenda hivi:

— Mama, 1/8 ni kubwa. Nane inashinda nne.

— Haya, nionyeshe kwenye kamba. Robo moja iko wapi?

— Hii hapa.

— Na thumuni moja?

— Hapa, karibu na sifuri.

— Ipi imeenda mbali zaidi kutoka sifuri?

— Robo.

— Kwa nini thumuni imebaki nyuma?

— Kwa sababu kamba yake tumeikunja mara nyingi. Hatua zimekuwa fupi.

Mama hakumwambia kwamba amekosea. Alimtuma aangalie, kisha akauliza sababu, na sababu aliyoisema mtoto kwa kinywa chake ndiyo itakayobaki. Kadiri nambari ya chini inavyokuwa kubwa, ndivyo hatua moja inavyokuwa fupi. Asiandikiwe kanuni hiyo kabla hajaiona.

Kosa la kuangalia mapema: kuhesabu alama badala ya hatua

Mwambie mtoto agawanye mstari mara nne, na mara nyingi atachora vistari vinne kati ya 0 na 1. Amepata hatua tano, na kila atakachokisema baada ya hapo kitakuwa na makosa. Kosa la pili linafanana na hilo: anahesabu alama ya 0 kuwa “moja”, hivyo 3/4 yake inaangukia kwenye 2/4.

Dawa ni moja. Chukua kitu kidogo, kizibo cha chupa kwa mfano, ukiruke kutoka 0 hadi alama inayofuata na kusema “moja” kinapotua. Sifuri ni pa kuanzia safari na haihesabiwi. Ukigawanya mara nne unahitaji alama tatu tu katikati, ukigawanya mara nane unahitaji saba. Kila siku ya somo mwanzishe kwa ukaguzi huu: hesabu hatua zako, je, ziko sawa na nambari ya chini? Je, zina urefu sawa?

Urefu sawa nao usipuuzwe. Watoto wengi hubana hatua za mwanzo na kuacha ile ya mwisho ndefu ili wafike kwenye 1. Mstari wa namna hiyo utawadanganya.

Njia tano za kulinganisha

Mtoto akizoea kuweka alama, mpe jozi za sehemu kwa mpangilio ufuatao. Kila njia ni ya aina yake ya maswali, na kazi yake ni kuangalia jozi kwanza, kisha kuchagua njia.

*Asili zinazofanana: 3/8 na 5/8.* Hatua zina urefu sawa, kwa hiyo aliyepiga hatua nyingi ndiye aliye mbele. 5/8 ni kubwa.

*Viasi vinavyofanana: 2/3 na 2/5.* Wote wawili wamepiga hatua mbili, lakini hatua ya thuluthi ni ndefu kuliko ya khumusi. Kwenye kamba, 2/3 iko sentimita 80 na 2/5 iko sentimita 48. 2/3 ni kubwa. Aina hii ndiyo inayomnasa mtoto anayetazama ukubwa wa tarakimu tu, basi kaa nayo siku kadhaa. Mpe 3/4 na 3/10, 5/6 na 5/12, 4/5 na 4/8.

*Kupima kwa nusu: 3/8 na 4/6.* Hapa juu hapalingani na chini hapalingani. Weka kibanio chekundu kwenye nusu. 3/8 haijaifikia, maana nusu ya nane ni nne. 4/6 imeipita, maana nusu ya sita ni tatu. Basi 4/6 ni kubwa, wala hakuna hesabu ndefu iliyohitajika. Mzoeze mtoto kuuliza kuhusu kila sehemu anayoiona: hii iko kabla ya nusu, kwenye nusu au baada ya nusu? Swali hilo moja linamaliza jozi nyingi sana za kitabuni.

*Kutazama kilichobaki hadi 1: 5/6 na 7/8.* Zote zimepita nusu, na kila moja imebakiza hatua moja kufika 1. Mtoto atasema ziko sawa kwa kuwa “zote zimebakiza moja”. Mwulize: moja ya aina gani? 5/6 imebakiza sudusi, sentimita 20. 7/8 imebakiza thumuni, sentimita 15. Iliyobakiza njia fupi ndiyo iliyo karibu na 1, na ndiyo kubwa: 7/8. Jambo hili hueleweka kwa kamba kuliko kwa maneno, kwa hiyo usilipite bila kamba mbili zilizotandazwa sambamba.

*Kutafuta hatua za pamoja: 2/3 na 3/4.* Hapa zipo karibu na kukisia hakufai. Gawanya kamba zote mbili mara kumi na mbili. Kila thuluthi inabeba hatua nne ndogo, kwa hiyo 2/3 ni 8/12. Kila robo inabeba hatua tatu ndogo, kwa hiyo 3/4 ni 9/12. Hatua sasa zina urefu mmoja, na 9/12 iko mbele. Mtoto aliyepitia hapa anaelewa kwa nini mwalimu humwambia atafute asili inayofanana: anatafuta hatua moja itakayopima sehemu zote mbili. Hata kuzidisha kimshazari kukifundishwa baadaye, atajua kinachotendeka.

Alama za < na > ziletwe baada ya mtoto kuweza kusema jibu kwa mdomo. Aandike sehemu mbili kama zilivyofuatana kwenye kamba, ya kushoto kwanza: 2/3 < 3/4. Asome: “theluthi mbili ni ndogo kuliko robo tatu.” Thuluthi na theluthi ni neno lile lile, kwa hiyo asikosolewe kwa kutumia lolote kati ya hayo.

Kitu kizima kiwe kimoja

Sokoni mahindi hupimwa kwa gorogoro, ambayo huwa na karibu kilo 2 za mahindi. Gunia la mahindi lina kilo 90. Sasa muulize mtoto: robo ya gunia na nusu ya gorogoro, ipi nyingi? Nusu ni kubwa kuliko robo, lakini nusu ya gorogoro ni karibu kilo 1, na robo ya gunia ni kilo 22 na nusu.

Mtoto asidhani hesabu imevunjika. 1/2 > 1/4 ni kweli pale tu tunapozungumzia kitu kizima kimoja. Ndiyo maana kamba mbili lazima ziwe na urefu sawa, na mistari miwili kwenye daftari lazima 0 zake zilingane na 1 zake zilingane. Kata kamba moja ya sentimita 120 na nyingine ya sentimita 80, ziweke pamoja, na umwombe aonyeshe nusu ya kila moja. Nusu hizo hazitalingana. Atakayejua kueleza sababu amelielewa somo hili.

Kupita 1

Unganisha kamba mbili ncha kwa ncha upate sentimita 240, na andika 0, 1 na 2. Mtoto aendelee kuruka kwa robo: robo tatu, robo nne, robo tano. Robo tano imepita 1 kwa hatua moja, kwa hiyo ni 1 na 1/4. Mnunuzi anayeagiza kilo moja na robo ya mbuta ameagiza robo tano za kilo.

Linganisha 5/4 na 7/6. Zote zimepita 1. Ya kwanza imepita kwa robo, ya pili kwa sudusi. Robo ni ndefu, basi 5/4 ni kubwa: sentimita 150 dhidi ya 140. Angalia kwamba mtoto ametumia ujuzi ule ule wa 1/4 na 1/6, umehamia tu upande wa pili wa 1.

Kutoka kambani hadi daftarini

Kamba isipewe likizo ghafla. Kwa muda fulani mtoto afanye kila swali mara mbili, kwa kamba na kwa mchoro. Mstari wa daftari uwe na sentimita 12: nusu ni 6, thuluthi 4, robo 3, sudusi 2, na moja ya kumi na mbili ni 1. Thumuni ni sentimita 1 na nusu. Achore mistari miwili, mmoja chini ya mwingine, 0 chini ya 0 na 1 chini ya 1, kisha ashushe rula wima kuona alama ipi iko kulia zaidi.

Mwishowe aachane na vipimo. Achore mstari kwa mkono, aweke 0, 1/2 na 1, na akadirie mahali pa sehemu nyingine. Hapo ndipo utajua picha imeingia kichwani. Mwanafunzi anayeiweka 7/8 jirani na nusu bado anahitaji kamba, hata kama majibu yake ya mtihani ni sahihi.

Kwa mwalimu mwenye darasa kubwa

Toka nje. Chora kwa chaki au fimbo mstari wa mita 6 uwanjani. Urefu huo nao hugawanyika vizuri: nusu ni mita 3, thuluthi mita 2, robo mita 1 na nusu, khumusi mita 1.2, sudusi mita 1, thumuni sentimita 75, na moja ya kumi na mbili sentimita 50. Gawa kadi zenye sehemu. Wanafunzi wachache wenye kadi wakasimame mahali pa sehemu zao, na waliobaki waamue kwa kunyoosha mkono kama wamesimama vizuri, kisha mmoja aeleze kwa nini. Kadi za 1/2, 2/4 na 4/8 ziwemo kwa makusudi. Wenye kadi hizo watajikuta wamepangana mmoja nyuma ya mwenzake mahali pamoja, na somo la sehemu zilizo sawa litakuwa limejifundisha lenyewe.

Makundi ya watu wanne au watano yenye kamba yao ni bora kuliko mwalimu mmoja mwenye kamba nzuri mbele ya darasa. Kila mtoto aikunje kwa mkono wake.

Mistari iliyopo mtaani

Ukisafiri na mtoto kwenda Busia, Kisumu iwe 0 na Busia iwe 1. Mkifika Maseno, muulize kama mmefika nusu ya njia. Bado. Mkifika Ugunja? Nusu imepita. Akadirie sehemu ya safari iliyokwisha, nawe umuulize amejuaje.

Tepu ya chuma ya fundi seremala au ya mjenzi wa mashua ina upande wa inchi, na kila inchi imegawanywa kwa nusu, robo, thumuni na moja ya kumi na sita. Huo ni mstari wa nambari uliokamilika. Mtoto atafute ipi ndefu kati ya 5/8 na 9/16 ya inchi. Ataona kwamba 5/8 ni 10/16. Kwenye duka la vifaa vya ujenzi paipu huuzwa kwa nusu inchi na robo tatu inchi, na gereji kuna spana za 1/2, 7/16 na 9/16. Fundi akimwomba spana inayofuata kwa ukubwa baada ya 1/2, amempa swali la kulinganisha sehemu.

Ukitaka mstari uliosimama, chukua chombo kinachopitisha mwanga chenye kuta zilizonyooka, bandika ukanda wa karatasi ubavuni, uugawanye mara nane na kumimina maji. Chombo kilichopinda kiunoni hakifai, kwa sababu nusu ya kimo chake si nusu ya maji yake. Fanyeni zoezi hili nyumbani kwa maji ya mtungi. Mtoto asitumwe ziwani kwa ajili yake, maana kichocho kipo.

Maswali ya kujipima

Mtoto ajibu, kisha ataje njia aliyotumia.

1. Ipi kubwa: 3/5 au 3/8?
2. Ipi kubwa: 5/8 au 1/2?
3. Ipi kubwa: 3/4 au 5/6?
4. Ipi kubwa: 4/6 au 2/3?
5. Ipi kubwa: 2/5 au 3/8?
6. Panga kuanzia ndogo: 3/4, 2/3, 7/10.
7. Taja sehemu moja iliyo kati ya 1/4 na 1/3.

Majibu: (1) 3/5, hatua ni sawa kwa idadi lakini khumusi ni ndefu. (2) 5/8, imepita nusu. (3) 5/6, imebakiza sudusi ilhali 3/4 imebakiza robo. (4) Ziko sawa, zote ziko sentimita 80. (5) 2/5, sentimita 48 dhidi ya 45. (6) 2/3, 7/10, 3/4; kwenye kamba ni 80, 84 na 90. (7) Robo ni sentimita 30 na thuluthi ni 40, basi 3/10, yenye 36, inafaa. 7/24, yenye 35, inafaa pia. Ziko nyingi nyingine, na mtoto aliyeshangazwa na hilo aruhusiwe kuendelea kuzitafuta.

Akikosa swali, usimpe jibu. Mrudishie kamba.

Mzazi, huhitaji kuwa mwalimu wa hesabu ili ufanye kazi hii, wala huhitaji kukumbuka ulichofundishwa darasani miaka mingi iliyopita. Kata kamba mbili za sentimita 120 leo jioni, kaa na mwanao dakika chache, na muulize kila mara swali lile lile: iko wapi? Nawe mwalimu, kabla hujaandika ubaoni njia ya kuzidisha kimshazari, hakikisha kila mwanafunzi wako anaweza kunyoosha kidole na kuonyesha mahali pa robo tatu.